Nusu Kidonge cha Dada

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili. Moja iko chini ya mguu wa mwanafunzi, kama katika gari lolote. Ya pili iko upande wa abiria, chini ya mguu wa mwalimu, na imewekwa hapo kwa ajili ya dakika ile ambayo mwanafunzi anachanganya miguu. Wapo walimu wanaoikanyaga ovyo, mpaka mwanafunzi anamaliza masomo bila kujua kama aliendesha au aliendeshwa. Mwanamke wa habari hii hakuwa wa namna hiyo. Aliikanyaga mara chache, na alipoikanyaga gari lilisimama pale pale. Chuoni wakamwita Breki. Wanawe walipotaniwa shuleni kwa jina hilo walijibu kwamba afadhali mama breki kuliko mama honi.

Alikuwa na mtindo wake. Walimu wenzake walifundisha kwa mdomo, tena kwa sauti ya kusikika barabara ya pili. Yeye aligonga dashibodi kwa kidole chenye pete. Pigo moja, punguza mwendo. Mawili, simama.

"Nikinyamaza," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza, "jua uko sawa. Endelea."

Aliamini kwamba kelele za mwalimu ndizo zinazomtia dereva woga, na wanafunzi wake walifaulu kuliko wa mtu mwingine yeyote pale chuoni. Mwenye chuo alilijua hilo. Mwalimu mkuu alikuwa anakaribia kustaafu, na ilikwisha kusemwa, nusu kwa utani, kwamba kiti kile kitakaliwa na Breki.

Ndipo usingizi ulipomkimbia.

Hakufiwa, hakuachwa, hakugombana na mtu. Kila aliyejua alimtafutia sababu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema ni kahawa. Jirani alisema ni jicho la watu. Mwalimu mmoja wa kiume alisema ni umri, wanawake wakifika pale wanakuwa hivyo, akacheka peke yake. Breki mwenyewe alijua tu kwamba akilala moyo unaanza kwenda mbio kama mtu aliyeitwa kwa jina gizani, na kwamba asubuhi inamkuta na macho makavu.

Mchana hakutulia. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alipanga vikombe kabatini, akavitoa, akavipanga tena. Akikaa kula, goti lake lilirukaruka chini ya meza mpaka glasi za wengine zikatikisika, na mumewe akasema, "Mama watoto, chakula hakikimbii, hata wewe usikikimbie." Watoto walicheka. Yeye aliinuka na kwenda kukagua kama bomba la uani linavuja. Halikuwa likivuja. Baadaye ukaja na uzito mwingine: mambo aliyoyapenda yalipoteza ladha, na kazi ndogo kama kujibu simu ikawa mlima. Hilo hakumwambia yeyote.

Mtu mwenye akili timamu atauliza kwa nini hakwenda hospitali. Nami namjibu kwamba woga una akili zake. Pale chuoni palikuwa na neno ambalo halikuandikwa popote na kila mmoja alilijua: mwalimu anayemeza dawa za akili hapewi gari. Isitoshe, Breki alikuwa ameona kwa macho yake jinsi dada yake mkubwa alivyotendewa miaka ile alipougua akili. Watu waliokuwa wakimwita shangazi walianza kumwita 'yule' tu. Dada alipata matibabu, akapona vya kutosha kuishi maisha yake, akashona mapazia ya nusu ya mtaa, lakini mpaka leo akicheka kwa sauti wapo wanaotazamana. Breki aliyaona hayo akaamua kwamba yake atayafunika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sote tunaujua msemo huo, na tunautumia kwa wagonjwa wa jirani.

Dada ndiye aliyegundua. Vyumba vyake viwili vilikuwa nyuma ya nyumba ya Breki, mlango kwa mlango, na siku moja ya mapumziko Breki alikwenda kumshikia kitambaa cha kukata. Mkasi ulipita mara mbili karibu na kidole chake, naye hakuuona.

"Mdogo wangu," dada akasema, "macho yako ni ya kuku mgonjwa. Hulali?"

"Nalala."

"Unalala lini? Mimi nasikia unafagia uani kabla jogoo hajaamua kuwika."

"Basi silali. Ukimwambia mtu nitakukana."

Dada aliweka mkasi chini, akaingia chumbani, akarudi na nusu kidonge juu ya kiganja. Dawa zake za kliniki zilikuwa za aina ambayo humtuliza mtu na kumpa usingizi mzito. Alikuwa amekikata kwa mkasi ule ule wa mapazia.

"Meza hii ukishapanda kitandani. Utalala kama gunia."

"Na wewe?"

"Mimi nimepona siku nyingi. Nusu inanitosha. Nani alikunywesha uji mama alipokuwa shamba? Meza, acha maswali."

Breki akameza, na kweli akalala kama gunia. Asubuhi alimkumbatia dada yake mlangoni akalia kidogo, kwa furaha. Tangu siku hiyo nusu kidonge kikawa kinavuka ua kila jioni ndani ya karatasi iliyokunjwa, kama vile chumvi au kiberiti vinavyovuka katika nyumba zetu zote. Hatuoni haya kugawana dawa. Huyu ana vidonge vya kifua vilivyobaki, yule ana vya mgongo, na aliyeponywa na kitu humpa mwenzake kwa moyo mweupe. Wema hauozi, tunasema. Lakini kuna wema ambao ni uvivu tu wa kumshika mtu mkono na kumpeleka kwa daktari, na mimi siuiti wema.

Siku zilizofuata nusu haikutosha, akamlalamikia dada. Mumewe alikuwa na vidonge vya mafua ya vumbi la chuma, vile vinavyokausha pua na kuleta usingizi. Akavichukua hivyo juu ya kile cha dada. Asubuhi mwili ukawa mzito kama umejazwa mchanga, akauamsha kwa kahawa chungu, kikombe juu ya kikombe. Mwalimu wa udereva akawa anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, na hakuliona hilo. Alisema kazini kwamba sasa yuko vizuri. Alisema hivyo kwa sababu aliamini.

Jambo jingine ambalo hakuliona ni dada. Dada alianza kuzungumza kwa kasi. Alihamisha cherehani kutoka dirishani hadi mlangoni, akairudisha, akapiga simu kwa wateja wa zamani kuwaambia kwamba ana mawazo mapya ya mapazia. Breki alipita mlangoni na macho yaliyojaa ukungu, akasema, "Dada leo umechangamka," akaenda zake.

Mwanafunzi wake wa asubuhi wakati huo alikuwa mwenye bucha. Mtu mnene, mwenye mikono ya kupasua mifupa ya ng'ombe kwa shoka bila kupepesa macho, lakini akishika usukani jasho lilimtiririka mpaka kwenye vifundo. Alitaka leseni ili apeleke nyama mwenyewe kwa wateja, kwani dereva aliyekuwa naye alikuwa akifika na nyama pungufu na visingizio.

"Mwalimu," alisema siku hiyo akifunga mkanda, "ng'ombe nawajua. Wakikukasirikia wanaonyesha. Hili gari halionyeshi kitu."

"Washa."

"Nimeshawasha."

"Basi ondoka. Tutaingia mzunguko mkubwa, utoke njia ya tatu, turudi."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limeingia kwa kioo cha mbele na kumlalia kifuani. Macho yake yalibaki wazi, mkono wake ulibaki juu ya dashibodi, na akili yake ikaondoka.

Mwenye bucha aliingia mzunguko vizuri. Akaiona njia ya kwanza, ya pili, na ya tatu ilipokaribia gari kubwa lilimbana upande, akashindwa kutoka. Alimtazama mwalimu kwa pembe ya jicho. Mwalimu alikuwa kimya, na kimya maana yake uko sawa. Akazunguka tena. Safari hii alikuwa na hofu ya kubadili kile ambacho kimya cha mwalimu kilikuwa kimekisifu, akaipita njia ya tatu akiwa ameinyoosha shingo kama bata. Mwalimu kimya. Akazunguka tena, na tena. Askari wa barabarani aliyesimama pale kivulini alianza kumpungia mkono kila akipita, kama mtu anayemsalimia jirani.

"Mwalimu, nadhani nimeuelewa mzunguko," mwenye bucha alisema.

Hakujibiwa. Akatoka kwa njia iliyokuwa mbele yake, njia ambayo hakuambiwa, na mwendo ulikuwa ule ule wa mzunguko, hakuupunguza.

Njia ile ilipita mbele ya shule. Palikuwa na kivuko cha mistari myeupe, na mwanamke mwenye kibao cha kusimamisha magari alikuwa amekwisha kuingia barabarani na msururu wa watoto wadogo walioshikana mikono. Mwenye bucha aliwaona. Alisema baadaye kwamba aliwaona vizuri kabisa, hata rangi ya mabegi yao. Alisubiri pigo. Kidole kilikuwa pale juu ya dashibodi, pete inang'aa, hakikugonga. Akafikiri mwalimu ameona kwamba nafasi ipo. Watoto wakakua kiooni. Ndipo mguu wake ulipokataa kumsikiliza mwalimu, ukaikanyaga breki peke yake kwa uzito wote wa mtu anayebeba nusu ng'ombe. Gari liliinama mbele, likazimika. Mwanamke wa kibao alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti. Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa amekaa chini barabarani kwa mshtuko, kiatu kimemtoka.

Breki alizinduka kwa kichwa chake kupiga dirisha. Aliona kiganja, akaona kiatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala kando ya breki ya pili, kama kitu cha mtu mwingine.

Hakuna aliyeumia. Mwanamke wa kibao aliwatukana kwa ufundi, akamvisha mtoto kiatu, akavusha wote. Mwenye bucha alikuwa akirudia, "Nisamehe mwalimu, nisamehe, nilichelewa." Breki alihamia usukani akataka kuwarudisha chuoni, kisha akauondoa mkono kwenye ufunguo. Alimpigia simu mwalimu mwingine aje awachukue.

Ofisi ya mwenye chuo ilikuwa chumba kidogo chenye meza iliyochorwa makutano ya barabara, na juu yake magari ya mbao ya kufundishia alama. Yule mwanamke wa kibao alikuwa amekwisha kupiga simu, namba ya chuo ikiwa ubavuni mwa gari. Mwenye chuo hakumkaribisha mtu kiti.

"Bwana mkubwa," alimwambia mwenye bucha, "mtu anayeona watoto na kuendelea, mimi simfundishi. Nitakurudishia kilichobaki cha ada yako. Shukuru una mwalimu kama huyu. Angekuwa mwingine leo tungezungumza mengine." Kisha kwa Breki, kwa sauti ya chini zaidi: "Na lile jambo la kiti, mimi nimeshaamua. Nilitaka nikuambie kwa siku nzuri, lakini ndiyo hivyo."

Mwenye bucha aliinamisha kichwa. "Ni haki yako, Mkurugenzi. Mimi na magari basi. Kila mtu na alichoumbiwa."

Tazama jinsi uongo unavyoweza kumfikia mtu ukiwa umekwisha kuandaliwa, umefunikwa, unangoja kuliwa tu. Breki hakuhitaji kusema neno. Kiti kilikuwa chake, na aliyeshitakiwa alikuwa amekwisha kukubali. Alisogeza gari moja la mbao mezani, akalirudisha.

"Bosi, huyu hana kosa," akasema. "Nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi?"

"Garini. Macho wazi. Namwambia kila mwanafunzi nikinyamaza aendelee. Kaendelea."

Mwenye chuo alikaa. "Unaumwa?"

"Silali kwa miezi. Nikawa nameza dawa za dada yangu. Za kliniki yake. Na nyingine juu yake."

Mwenye bucha ndiye aliyeinua kichwa.

"Mwalimu, ile mizunguko yote pale... nilikuwa naendesha peke yangu?"

"Peke yako."

"Na ile breki?"

"Yako. Mimi sikuigusa."

Mwenye bucha alifikiri. "Basi Mkurugenzi," akasema taratibu, "mimi ni dereva. Naomba unirudishie somo, si ada."

Mwenye chuo hakucheka. Alinyoosha mkono, Breki akautia ufunguo kiganjani mwake. Hakufukuzwa. Aliambiwa aende akatibiwe, na mpaka daktari aseme neno atafundisha alama kwa magari ya mbao. Kiti hakikutajwa tena. Mwezi uliofuata kilikaliwa na yule mwalimu aliyesema ni umri.

Daktari alimwambia aje na kila anachomeza, hata cha dukani. Breki alimwaga mfuko juu ya meza: nusu za vidonge ndani ya karatasi, vidonge vya mumewe, chupa ya dawa ya kikohozi ambayo nayo alikuwa akiilamba. Daktari alivitenga kwa kalamu kimoja kimoja.

"Hiki na hiki vyote vinaleta usingizi. Ukivipandanisha havijumliki tu, vinazidishana nguvu. Na hiki cha dada yako nguvu yake haiishi ifikapo asubuhi. Unaamka, dawa bado imelala ndani yako. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe unajiona mzima. Tafiti za siku hizi zinalirudia sana hilo: aliyepunguziwa wepesi na dawa ni wa mwisho kujua."

"Basi nipe ya kwangu, yenye jina langu."

"Labda. Kwanza tuzungumze." Akamuuliza juu ya moyo kwenda mbio, juu ya joto la ghafla mwilini, juu ya mambo yaliyopoteza ladha. Alipofika hapo Breki alikiri kile ambacho hakuwa amemwambia yeyote. Daktari alimweleza kwamba kukosa usingizi na huzuni ya namna ile hushikana mikono, kila mmoja humvuta mwenzake, na kwamba zamani walidhani usingizi ni dalili tu, siku hizi wanautibu wenyewe. Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, alisema, kinachotangulizwa ni mafunzo kabla ya kidonge: kuamka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbaya, kuacha kitanda usingizi usipokuja, kutolala mchana, kahawa kukoma mapema, na kukutana na mshauri kila wiki. "Ni kazi. Wengi huikimbia kwa sababu mwanzoni inachosha."

Kisha akakiinua kile kidonge cha nusu kwa ncha ya kalamu.

"Na mwenye dawa hii, yeye anameza nini?"

Breki aliiona akilini cherehani ikihama kutoka dirishani hadi mlangoni.

Alirudi nyumbani kwa hatua za mtu anayefukuzwa. Dada alikuwa ametundika mapazia kila mahali, mlangoni, ukutani pasipo dirisha, juu ya kabati. Alikuwa amevaa viatu tofauti na alikuwa na furaha kali, ile ambayo Breki aliijua tangu miaka ile.

"Umekuja wakati mzuri. Shika hapa. Nitafungua duka, mdogo wangu, mapazia ya ofisi, nimeshampigia mtu..."

"Dada, umelala lini?"

"Kulala ni kwa wenye nafasi."

"Nilikuwa nakula nusu yako. Na nusu nyingine?"

Dada alishusha mikono. "Uliposema nusu haikutoshi, nilianza kukukunjia nusu zote mbili, na hukuhesabu. Nilijisikia vizuri, nikasema sina haja nazo." Kisha uso ukabadilika. "Usinitazame hivyo. Usinitazame kama wao."

"Twende kliniki."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimegawa dawa ya serikali kama njugu? Watanifuta. Nimekupa usingizi wangu, na wewe unanirudisha kule?"

"Waambie nilimeza mimi. Nitakuwa nimesimama hapo hapo."

"Na kazi yako?"

"Kazini nimeshasema."

Dada alikaa juu ya rundo la vitambaa, akainuka, akakaa. Alitukana, akacheka, akamwita mdogo wake msaliti, akamwomba maji. Breki hakumgusa na hakuondoka mlangoni. Mwishowe dada alisema, "Nitafutie kiatu cha pili," na wakaenda.

Hawakumfuta. Muuguzi aliwagombeza wote wawili kama watoto, na ilikuwa haki. Dada alirudishiwa dawa yake kamili na ilimchukua majuma mengi kushuka kutoka kule juu, na mteja mmoja mkubwa hakurudi tena. Breki alikuwa akimtazama akimeza kila jioni, kisha dada akamwambia inatosha, yeye si mtoto, akaomba amwamini, akaaminiwa. Breki naye alipunguziwa taratibu vile vidonge alivyozoea. Usiku wake wa kwanza bila kidonge ulikuwa mrefu kuliko yote, na alitaka kumlaani daktari. Akaendelea.

Mwenye bucha alifeli mtihani wa kwanza kwa kwenda polepole mno. Alifaulu wa pili.

Msimu wa mitihani ulipofika tena chuo kilielemewa. Daktari alikuwa ameandika kwamba Breki anaweza kuendesha, mradi asiingie barabarani siku ambayo hajalala. Mwenye chuo alimletea ufunguo mwenyewe, mbele ya wanafunzi waliopanga foleni.

"Gari lako. Wote hawa wamekutaka wewe."

Breki aliutazama ufunguo. Alikuwa amelala vizuri siku nyingi mfululizo. Usiku uliopita hakulala, bila sababu, kama ilivyokuwa mwanzo.

"Leo hapana, Bosi."

"Si una barua ya daktari?"

"Ninayo. Lakini jana sikulala."

"Unanikosesha watu. Unaonekana mzima kabisa."

"Najua naonekana," Breki alisema. "Mpe mwingine. Kesho nikiwa nimelala nitakuja kuuomba."

Mwenye chuo aliguna na kwenda zake na ufunguo. Mwanafunzi mmoja alinung'unika kwamba yeye hakuja kuchezea mbao. Breki aliwaita waliobaki kuizunguka meza ya makutano, akaweka lori la mbao katikati ya mzunguko, akawauliza nani ana haki ya kupita. Goti lake lilikuwa likirukaruka chini ya meza, na magari madogo yalikuwa yakitetemeka kidogo kila moja mahali pake, naye akayashika kwa mkono wa kushoto huku akisubiri jibu.